Tupeane uzoefu: mlioacha kung'ata kucha mlifanyaje, na zikaota ngumu?

BintiBuzuruga

Wakuu habari za jioni, na kwa wa kwetu mwadila. Nimeandika hii kitu na kuifuta mara tatu kwa aibu so leo naituma hivohivo. Nina miaka 31 na nakula kucha. Sio ile ya kung'ata mara mojamoja ukiwa na mawazo, nakula, zikiisha nahamia kwenye vinyama vya pembeni mpaka damu. Nilianza nadhani darasa la pili. Mama alinipaka shubiri ileile aliyomwachishia mdogo wangu ziwa, siku ya kwanza nikatema, siku ya tatu nikawa nailamba kwanza iishe ndo naendelea na kazi yangu. Pilipili kichaa nayo niliishia kujifikicha jicho, nadhani hapo ndo mama alikata tamaa.

Sasa kinachoniuma ni hii kazi. Mimi ni wakala wa kutuma na kutoa pesa hapa Buzuruga, noti zinazopita mkononi kwangu zimetoka kwa makonda, kwa mama lishe, kwa wauza dagaa, zingine zimelowa, zingine hata usipoangalia unajua hii asubuhi ilikuwa soko la samaki la Mwaloni. Nazihesabu, mteja akigeuka tu kidole kiko mdomoni, na sijui kimefikaje mpaka nisikie ladha. Tumbo mwaka huu limenisumbua mpaka nimezoea.

Af mwezi wa nne nikavishwa pete. Mpiga picha akasema dada weka mkono juu ya mkono wa shemeji tupige ya pete. Nikakunja ngumi. Akasema fungua, nikafungua nusu. Picha imetoka pete inang'aa vizuri tu, pembeni yake kuna dole gumba kama kichwa cha kobe. Wifi yangu akaiweka kwenye grupu la familia na shangazi mmoja akauliza, kwa upendo kabisa, huyu mtoto alibanwa na mlango?

Ndoa ni mwezi wa kumi na mbili. Naomba walioacha kweli waniambie walifanya nini. Mnaotaka kuniambia "ni nia tu" piteni, nia ninayo toka darasa la pili.

DerevaWaBusisi

Dada pole, mimi mwanaume nina miaka 40 na nilikuwa hivohivo, tena mimi nilikuwa nafika mpaka kucha inabaki nusu. Naendesha gari la mizigo Mwanza Geita. Kabla ya daraja la Kigongo-Busisi tulikuwa tunapanga foleni pale Kigongo kusubiri kivuko, saa moja, saa mbili, siku mbaya unakula na mchana hapohapo, na kucha zangu zilikuwa zinaishia kwenye ile foleni. Nikajiapiza daraja likiisha naacha, maana sitakuwa na pa kusubiria. Likafunguliwa 2025, kilomita 3 hivi unavuka dakika chache, nami nikavuka nang'ata, mkono mmoja usukani.

Kuna dada wa zahanati aliniambia acha kupigana na mdomo, fuatilia mkono. Akanipa kazi ya wiki moja, kila nikijikuta nang'ata niandike niko wapi na nilikuwa nafanya nini sekunde chache kabla. Niliandika nyuma ya risiti za mafuta. Kilichonishangaza ni kwamba sing'ati nikiwa na hasira wala njaa, nang'ata nikisubiri. Halafu nikagundua kitu kingine, kabla ya kung'ata dole gumba linatangulia, linapapasa kucha moja baada ya nyingine kutafuta palipokwaruza, likipata kona imechongoka basi imekwisha, meno yanaenda "kurekebisha". Toka siku hiyo nina katupa kadogo ka kucha kwenye dashibodi, nikihisi mkwaruzo nasugua palepale, nikishalainisha mkono hauna cha kutafuta.

Ya pili ni kamba. Kwetu Ukerewe mzee alikuwa mvuvi, likizo alikuwa anatukalisha ufukweni tushone nyavu, na nikikumbuka vizuri siku za nyavu sikuwahi kuweka kidole mdomoni, ningewekaje wakati mikono yote miwili ina kazi. Nikakata kipande cha kamba ya nyavu nikaweka mfukoni. Mkono ukianza kupanda nashika kamba, nafunga fundo, nafungua, nafunga. Ile hamu ukiipa dakika moja mbili inapita yenyewe, sikujua hilo maisha yangu yote kwa sababu sikuwahi kuipa hata sekunde kumi. Ilinichukua kama miezi mitatu na nilirudia mara moja mama alipolazwa, vidole vyote kumi kwa usiku mmoja. Kesho yake nikaanza upya.

kitoweo77

Dakika moja mbili unasema? Mimi Pamba ikicheza pale Kirumba ni dakika 90 na nyongeza, hiyo kamba nitaimeza na fundo lake.

DukaLaUrembo

Dada karibu inbox nina vidonge vya nywele, ngozi na kucha, wiki mbili tu unapata kucha ndefu na ngumu. Mikoani tunatuma.

NesiMstaafu

Wewe wa vidonge, ukucha wa mkononi unaota kama milimita 3 kwa mwezi. Kwa wiki mbili ni milimita moja na nusu, sasa hizo ndefu zinatoka wapi? Ukucha mzima kujibadilisha kutoka kwenye mzizi mpaka nchani ni kama miezi sita, na wa mguuni mwaka mpaka mwaka na nusu. Mwenye ndoa mwezi wa kumi na mbili aanze leo, asinunue haraka ya mtu.

Hivyo vidonge vingi ni bayotini, aina ya vitamini B. Kuna watu wenye kucha za kukatikakatika vinawasaidia kidogo, ushahidi wenyewe sio mkubwa, na kwa mtu anayekula chakula cha kawaida huenda asione tofauti yoyote. Kuacha kung'ata ndo kabisa haihusiani. Na mkitumia dozi kubwa mkienda kupima damu semeni, maana inavuruga baadhi ya majibu, ya tezi ya shingo na hata kipimo kimoja cha moyo.

Alichofanya dereva sio uganga. Hiyo njia ya kuandika na kuupa mkono kazi nyingine iliandikwa na wanasaikolojia wawili wa Marekani, Azrin na Nunn, mwaka 1973. Wengine wanakunja ngumi, wengine wanakalia mikono, yeye kapata fundo la nyavu, vizuri zaidi.

Na vile vidoti vyeupe kwenye kucha mnavyosema ni upungufu wa kalsiamu, hapana, mara nyingi ukucha uligongwa tu wiki kadhaa nyuma ukasahau. Ninachoomba mkiangalie ni ukucha uliobonyea katikati kama kijiko, ukiweka tone la maji linakaa. Huyo akapime damu. Huku kwetu ziwani kuna safura, kuna kichocho, mtu anapungukiwa damu taratibu anadhani ni uchovu wa kazi, kucha zinasema kabla yake.

MamaSato

Mimi sing'ati ila niruhusuni maana swali lina nusu ya pili. Napara samaki mwaka wa 15 huu, saa kumi na moja alfajiri mikono iko majini mpaka mchana, inakauka, inaloa, inakauka. Kucha zangu zilikuwa zinabanduka matabaka kama kitunguu, ukivaa sweta zinanasa uzi. Kila mtu ananiambia kalsiamu, kula dagaa. Jamani dagaa nakula kuliko paka, zingekuwa ndo dawa saa hizi ningekuwa na kwato.

Kumbe shida ni maji, yaani kule kuloa na kukauka, kuloa na kukauka. Nikanunua glavu za mpira, wiki ya kwanza nikaona afadhali ya mwanzo, maana jasho linajaa humo ndani vidole vinatoka vyeupe kama vya maiti, na miiba ya mgongo wa sato inatoboa, maji yanaingia hayatoki. Jirani akanionyesha, unavaa kwanza zile glavu nyembamba za kitambaa, ndo juu yake mpira. Nina jozi nne za kitambaa, zikiloa natoa naanika kwenye waya wa kibanda navaa zingine. Wateja walinicheka wakaniita daktari. Mpira ukitobolewa natupa, hilo ndo linalouma mfukoni lakini basi.

Jioni nikishamaliza maji YOTE, na ya vyombo vya nyumbani, napaka mafuta ya nyonyo kwenye mizizi ya kucha, sina nyonyo napaka Vaseline, kitu chochote cha mafuta kinachozuia kukauka. Nakata fupi zisizidi nyama. Kama mwezi wa tano toka nianze ndo nikaona zile za chini zinazoota zinakuja nzima, za juu mbovu nikawa nazikata zinavyopanda mpaka zikaisha. Huwezi kutibu iliyokwisha kutoka, unaisubiri ipite kama mgeni mbaya.

Na nyie wang'ataji, kale kanyama ka pembeni kamwe msikang'oe kwa meno. Mume wangu alikang'oa, akapata mdudu wa kidole, siku mbili hakulala, kidole kinadunda kama ngoma, kikaja kupasuliwa kutolewa usaha. Nyumbani saivi tunakata kwa kimkasi.

FundiKuchaIgoma

Bibi harusi mtarajiwa usije ukakimbilia kubandika kucha za bandia. Najiharibia biashara lakini bora niseme. Wang'ataji wengi wanakuja kwangu wakidhani wakibandika ngumu wataacha, na kweli zikiwepo hawang'ati, shida ni siku ya 10 wanazing'oa wenyewe kwa meno na zinatoka na ngozi ya juu ya ukucha halisi, unabaki laini kama karatasi iliyolowa. Kubandika kwenyewe sio dhambi, kinachoharibu ni kung'oa na kukwangua. Ukitaka kutoa njoo ziloweshwe ziachie zenyewe, na asetoni, ile dawa ya kuloweshea, inakausha so paka mafuta palepale.

Halafu kile kingozi cha kwenye mzizi msikikate, kile ni kama kizibo, ukikitoa uchafu una njia. Sukuma tu kwa taulo ukitoka kuoga. Ukisugua na tupa nenda upande mmoja, kwenda na kurudi kama unakata mbao ndo kunapasua ncha. Rangi chungu za kucha zipo, kuna isiyoonekana, hata mwanaume anapaka hakuna anayejua. Chungu kweli, wale waliomeza klorokwini ya malaria utotoni watanielewa. Ila kama huyu aliyelamba shubiri hadi ikaisha sijui kama atashindwa.

BabaMapacha

Nina mapacha wa darasa la tatu, mmoja anang'ata mwingine hang'ati, chakula kimoja, kitanda kimoja, hivyo wanaosema kung'ata kucha ni "malezi" wanifafanulie. Kichekesho ni kwamba shuleni Jumatatu wakikaguliwa kucha ni huyu mng'ataji anayesifiwa, fupi safi, mwenzie anatandikwa kwa uchafu.

Nilimchapa, nakiri. Akahamia kung'ata chini ya shuka. Nikaona sasa namfundisha kujificha tu. Mama yao akaja na wazo, akamwambia chagua kidole kimoja, kimoja tu, hicho usikiguse, tisa ni vyako. Akachagua cha mwisho mkono wa kushoto. Wiki mbili kile kidole kilikuwa na kaukucha keupe anakionyesha hadi kwa muuza maandazi. Ndo tukaongeza cha pili. Saivi vimebaki viwili na hatumsemeshi.

kitoweo77

Baba mapacha hiyo ya kidole kimoja naiba.

BintiBuzuruga

Wakuu nimerudi, wiki ya saba leo. Nilianza na kuandika kama dereva, nikatumia daftari la miamala, pembeni naweka kanukta. Siku ya kwanza nukta 23!! Na nikagundua kitu kimenishinda hata kukasirika. Mimi nikihesabu noti nalamba kidole. Yaani mkono wangu una sababu halali ya kwenda mdomoni mara mia kwa siku, ukishafika kule unabaki. Nimenunua kile kisponji cha maji cha kuhesabia pesa, kinakaa pale mezani, hamu haikuisha ila safari zimepungua zaidi ya nusu ndani ya wiki.

Kamba sina, nina mpira wa kufungia noti, nauzungusha vidoleni mpaka mteja mmoja akaniuliza dada umegombana na nani. Nikaanza na kidole cha pete peke yake kama mtoto wa baba mapacha. Usiku mafuta ya nyonyo. Wiki ya nne nilipewa noti bandia ya elfu kumi nikala vidole vitatu hapohapo nimesimama, cha pete nikakiacha, sijui nilikiachaje. Dole gumba la kulia bado kobe, msiniulize.

Ila jana kaja bibi mmoja na vocha ya kukwangua, akasema mjukuu wangu nikwangulie macho yangu hayaoni. Siku zote nakwangua na funguo ya droo. Jana nikaiweka mezani nikakwangua na ukucha wa kidole cha pete, polepole, vumbi la kijivu likabaki humo chini ya ukucha. Nikamsomea namba mara mbili, ya pili hakuniomba.