Miguu ya stuli inabonyea: nikiongeza presha, plastiki itapoa haraka?

Stuli Imara: Wakuu, habari za humu. Nina karakana ndogo Mbagala, natengeneza stuli za plastiki ya polipropilini. Mguu ukitoka kwenye moldi unang'aa vizuri, baada ya muda unabonyea kama shavu la mtu aliyeng'olewa magego. Nimesoma kwamba plastiki ikikandamizwa sana inapitisha joto vizuri zaidi. Sasa nasukuma plastiki moldini kwa baa 600 (baa ni kipimo cha presha). Nikienda 1,000 si itapoa upesi? Wateja wananirudishia mzigo, usingizi sipati.

Mzee wa Vibe: Baa 1,000? Hata Sinza hazifiki. Nimekaa siti ya mbele.

Mama Kijani: Mnajaza plastiki baharini halafu mnaomba ushauri. Babu zetu walikalia vigoda vya mbao, na migongo yao ilikuwa mizima.

Kaka Mkopo: Mimi nilikopa nikanunua mashine ya tofali. Fundi akatoroka na funguo za karakana. Mpaka leo nikisikia neno mashine tumbo linaunguruma. Kuwa makini, ndugu.

Fundi Moldi: Mleta mada, mguu una unene gani? Na unapoza muda gani?

Stuli Imara: Unene wa kawaida tu, mkuu. Swali langu ni presha.

Fundi Moldi: Kawaida ni ngapi? Bila hiyo namba tunapiga ramli.

Stuli Imara: Haya. Milimita 14, umejaa wote. Mwanzo ulikuwa na kuta za milimita 4, watu wakasema unavunjika, nikaenda kuchongesha moldi upya. Napoza sekunde 40, nikizidisha oda zinalala. Na nimeshatoa advansi ya mashine ya presha kubwa, kwa hiyo habari za moldi naomba tuziache. Moldi iko sawa.

Fundi Moldi: Moldi ndiyo mgonjwa wako. Muda wa kupoa unakwenda kwa unene zidisha unene. Kutoka 4 hadi 14 ni mara 12 hivi. Kama ukuta wa zamani ulitaka nusu dakika, huu unataka dakika sita, wewe unautoa ukiwa uji ndani. Ulichosoma ni kweli: presha inabana minyororo ya molekuli za plastiki, joto linapita vizuri zaidi. Ila kwa baa 1,000 nyongeza haifiki hata robo, na polipropilini inaanzia chini mno, chuma cha moldi kinaipita zaidi ya mara mia. Halafu presha hiyo hiyo inapandisha joto la kuganda, mlango wa moldi, pale plastiki inapoingilia, unaziba mapema, huwezi tena kuongezea plastiki mguuni.

Sina Baya: Chai hii! Mtu wa Mbagala anawaza plastiki kupitisha joto chini ya presha? Ni mwanachuo, kesho anakusanya asaimenti.

Mzee wa Vibe: Leteni maandazi.

Dada Maabara: Hata kama ni asaimenti, ni swali zuri. Mwanafizikia Bridgman wa Marekani alipata Nobel ya fizikia 1946 kwa kukandamiza vitu. Polithini yenyewe ilipatikana 1933 kule Winnington, Uingereza, kwenye majaribio ya presha kubwa.

Sina Baya: Mwalimu wake naye kafika. Kama una karakana kweli, kata mguu mmoja, utuambie ndani kuna nini.

Stuli Imara: Nimekata kwa msumeno. Katikati kuna tundu, kijiti cha kiberiti kinaingia. Pembeni pagumu kabisa, lakini tundu lina kuta za nyuzinyuzi.

Fundi Moldi: Huyu si mwanafunzi, tundu hilo halimo vitabuni kwa maneno hayo. Polipropilini ikitoka kwenye uji mpaka kupoa inasinyaa kama asilimia 15. Ganda la nje likikaza, inasinyaa kwa ndani: tundu. Likiwa laini, linavutwa: bonde. Kwa baa 1,000 unabana uji kama asilimia 7 tu, na mashine isiyobana moldi sawasawa itakutolea ndevu pembeni, yaani plastiki inayovuja kwenye maungio ya moldi. Weka kiini cha chuma ndani ya moldi, mguu uwe na uwazi, kuta milimita 4, ongeza mbavu, yaani vijiukuta vyembamba vya kuimarisha. Nguvu utaipata kwenye mbavu.

Stuli Imara: Lakini mashine kubwa si itasaidia hata kidogo? Advansi ni hela ya VICOBA ya mke wangu.

Kaka Mkopo: Nilisema mimi!

Fundi Moldi: Mkataba unasemaje kuhusu kurudishiwa?

Stuli Imara: Mkataba upi tena, mkuu?