Kula kama watu wa kale na kuzima simu, nani kajaribu?

Wakuu, nataka niache ugali, mkate, maharage na sukari nibaki na nyama, samaki, mayai, mboga na matunda, halafu wikiendi nazima simu naingia porini. Inawezekana kweli?

— Mkuu, Wahadzabe wa Ziwa Eyasi mpaka leo wapo wanaowinda kwa upinde, ila sio nyama tu, wanachimba mizizi wanaichoma kidogo wanatafuna makapi wanatema, ubuyu, na asali ndo usiseme, kuna ndege anawaita mpaka kwenye mbuyu wenye nyuki.

— Maharage uache kwa bei hii ya nyama? Haya bana.

— Simu je?

— Namwachia wife.

— Ikiwa imefunguliwa?? Una roho ngumu 😂