Soya imegeuka njano kwenye shamba lililochoka, nimwage urea?

Binti_Ruvuma: Habari zenu wakuu, naombeni ushauri. Nina ekari mbili Songea vijijini, udongo mwekundu, shamba limelimwa mahindi miaka nenda rudi mpaka kiduha, lile gugu linalonyonya mizizi ya mahindi, kikatawala. Msimu huu nimepanda soya kwa sababu nilisikia haina makuu. Imeota vizuri, ila sasa ina wiki kama tano imedumaa, majani ya chini yamegeuka njano. Mbegu ni Uyole Soya 2, nilipanda bila chanjo (bakteria wa kuchanganya na mbegu) wala mbolea. Muuza pembejeo anasema ninunue urea mifuko minne. Hela iliyopo ni ya ada ya mtoto.

JembeKali: Mwaga urea mkuu. Njano ya majani ya chini ni njaa ya naitrojeni, hapo hakuna cha kuuliza.

MamaShamba: Njaa ya naitrojeni, sawa, lakini soya hujitengenezea naitrojeni yenyewe kupitia vinundu vya mizizini. Dada, kabla ya kutoa hata shilingi, chimba miche kadhaa sehemu tofauti za shamba. Tumia jembe, usivute kwa mkono, vinundu vitakatikia ardhini. Osha mizizi taratibu kwenye ndoo, halafu pasua vinundu kwa ukucha. Ndani vikiwa vyekundu au pinki, vinafanya kazi, achana na urea, maana ukiimwaga mmea unaacha kulisha vinundu. Vikiwa vyeupe au vya kijani, havikusaidii.

Binti_Ruvuma: Nimechimba leo asubuhi. Vinundu vichache mno, vidogo, ndani vyeupe. Mizizi yenyewe mifupi, minene, kama imegoma kushuka.

BwanaShambaMstaafu: Hiyo mizizi inanitia shaka na tindikali. Udongo wenye pH (kipimo cha tindikali, ikishuka tindikali inazidi) chini ya 5.5 huyeyusha alumini, nayo hudumaza ncha za mizizi. Fosforasi nayo inashikwa na udongo, mmea hauipati, na bakteria wa vinundu hawastawi. Soya inapenda pH ya 6 hadi 6.5.

Kuokoa msimu huu, mfuko mmoja wa urea wa kilo 50 kwa ekari zote mbili unatosha. Weka udongo ukiwa na unyevu, pembeni ya mstari, fukia. Minne ni kupoteza ada ya mtoto, urea haiondoi tindikali, tena inaiongeza.

Mkishavuna, peleka udongo ukapimwe, kituo cha utafiti wa kilimo TARI Uyole, Mbeya, au Chuo Kikuu cha Sokoine (SUA), Morogoro. Chota sentimita 20 kwenda chini, sehemu nyingi kwa kuzungukazunguka shamba, kwepa kichuguu na mahali palipochomwa majani. Changanya kwenye ndoo ya plastiki, peleka kama nusu kilo. Kiasi cha chokaa ya kupunguza tindikali kitatokana na kipimo hicho, asikukadirie mtu kwa macho.

JembeKali: Na mbolea ya Minjingu je? Si inatibu tindikali pia?

BwanaShambaMstaafu: Inasaidia kidogo, ila kazi yake hasa ni fosforasi. Minjingu ya unga ni mwamba uliosagwa, na tindikali ndiyo inayouyeyusha. Ukimwaga chokaa nyingi na Minjingu siku moja, umeifungia Minjingu isiyeyuke. Shamba likihitaji chokaa nyingi, tumia mbolea nyingine za fosforasi, TSP au DAP, kidogo kwenye mstari.

MamaShamba: Na chanjo ya rizobia usiiruke msimu ujao. Hao ni bakteria hai wa vinundu: pakiti ikae kivulini, changanya na mbegu kivulini, panda siku hiyohiyo kwenye udongo wenye unyevu. Usiichanganye na mbolea wala majivu. Jaribu pia uotaji wa mbegu mapema, mbegu ya soya inapoteza nguvu haraka ghalani.

Binti_Ruvuma: Asanteni sana. Kwa hiyo nirudi kwenye mahindi mwakani?

MamaShamba: Mahindi kwenye kiduha tena? Hapana dada. Kiduha hakishiki soya, na mizizi ya soya huziamsha mbegu za kiduha zikaota zikakosa pa kujishikiza, zikafa. Baki na soya, mwaga chokaa mwezi mmoja au miwili kabla ya kupanda, ilimwe iingie ndani.