Elsa kuachia kiti mwishoni mwa Frozen II: ni yeye kweli, au waandishi wamemsukuma?

Mleta Mada

Wakuu salaam. Mada ni mwisho wa Frozen II, filamu ya katuni ya Disney ya 2019 iliyoongozwa na Jennifer Lee na Chris Buck. Kwa asiyeikumbuka: Elsa, malkia mwenye nguvu za barafu, anasikia sauti inayomwita. Anaifuata hadi kwenye msitu uliozingirwa na ukungu kwa miaka 34, kisha hadi Ahtohallan, mto wa barafu unaotunza kumbukumbu za mambo yote yaliyopita. Huko anagundua kwamba babu yao, Mfalme Runeard, aliwajengea Wanorthuldra wa msituni bwawa na kuliita zawadi, kumbe nia yake ilikuwa kuwadhoofisha, na kwamba alimuua kiongozi wao asiye na silaha. Elsa anaganda. Mdogo wake Anna anahakikisha bwawa linavunjwa. Elsa anazinduka, anazuia mafuriko, halafu anabaki msituni. Anna anakuwa malkia wa Arendelle.

Msimamo wangu ni kwamba mwisho huu unawasaliti wote wawili. Filamu ya kwanza, ya 2013, imejengwa juu ya malango. Yamefungwa miaka 13, tangu Elsa ana miaka 8 hadi anatawazwa akiwa na 21, na hadithi inaisha yeye mwenyewe akisema hayatafungwa tena. Mapema katika ya pili kuna wimbo ambamo Elsa huyohuyo anawaahidi raia kwamba bendera ya Arendelle itaendelea kupepea. Filamu nzima ni dakika 103. Kabla hazijaisha, aliyeahidi ameshahama. Nionyesheni ni wapi alipobadilika.

Fundi Muswada

Mkuu, unapima kwa ahadi. Ahadi ni kipimo kibovu, kwa sababu mhusika huahidi kile anachodhani anatakiwa kukitaka. Wanaofanya kazi ya kuhariri miswada huchukua kila mhusika mkuu na kumwandikia mistari mitatu: anachokitaka kwa mdomo, anachokiogopa, na anachokikosa bila kujua. Mwisho mwaminifu hujibu mstari wa tatu, hata kama unavunja wa kwanza.

Elsa wa 2019: kwa mdomo anataka mambo yabaki yalivyo. Anaogopa kumpoteza Anna. Anachokikosa ni jibu la swali moja, kwa nini yeye ndiye aliyepewa nguvu hizi. Swali hilo halikuzaliwa 2019. Filamu ya kwanza ilituambia alizaliwa nazo, basi, sababu haikutolewa. Sasa tazama Into the Unknown: anaanza kwa kuorodhesha sababu za kutoondoka, na kila sababu inazidi kuwa dhaifu kadiri wimbo unavyopanda, hadi mwisho anaachia nguvu zinazoamsha roho nne za asili. Hapo ndipo alipobadilika, na ni mapema sana, kabla hata hajatoka nyumbani.

Bi Mkubwa wa Katuni

Fundi, mistari yako mitatu ni mizuri ila umeruka wa pili. Anaogopa kumpoteza Anna. Anafanya nini? Pale penye mabaki ya meli ya wazazi wao, baada ya kukubaliana kwamba safari hii wataifanya pamoja, anamtengenezea Anna na Olaf, yule mtu wa theluji aliyeumbwa kwa nguvu za Elsa, mtumbwi wa barafu na kuwasukuma waende zao. Anavuka Bahari ya Giza peke yake. Ndani ya Ahtohallan anafika mahali ambapo hata wimbo wa kulalia wa mama yao ulishaonya, kwamba ukienda mbali mno utazama. Anajirusha. Anaganda.

Hili ni kosa lilelile la filamu ya kwanza: kukimbia na kumfungia mdogo wake nje kwa kisingizio cha kumlinda. 2013 kosa hilo lilimletea adhabu na akajifunza. 2019 linamletea zawadi, tena zawadi yenyewe ni kuishi mbali na mdogo wake. Hapo ndipo uaminifu unapovuja. Kuondoka kwake sina shida nako. Shida ni kwamba hakuna hata dakika moja ambapo anamwambia Anna, samahani kwa ule mtumbwi.

Mchoraji wa Usiku

Naongeza upande wa utengenezaji, maana maswali mengi hapa yanajibika huko.

Filamu ya katuni ya studio kubwa haichorwi kuanzia tukio la kwanza hadi la mwisho. Hadithi yote hutengenezwa kwanza kwa michoro isiyo na rangi yenye sauti za muda, ikaonyeshwa ndani ya studio, ikakosolewa, ikabomolewa na kujengwa upya, mara kadhaa. Matukio yaliyokubalika hupelekwa kwa wahuishaji huku mengine bado yanaandikwa. Hatari ni hiyo: ukibadilisha mwisho umechelewa, mwanzo umeshakamilika na hauguswi kirahisi, kwa hiyo mbegu ya mwisho mpya haipati pa kupandwa.

Mfululizo wa vipindi 6 kuhusu utengenezaji wa filamu hii, uliotoka 2020, unaonyesha wazi kwamba swali la ile sauti ni ya nani liliwasumbua wakati kazi ilikuwa imeshaenda mbali. Wimbo wa Show Yourself nao ulikuwa hatarini kuondolewa. Uliokolewa walipoamua kwamba anayemjibu Elsa ndani ya barafu ni mama yake, Iduna.

Liangalieni tukio lenyewe. Alama za roho nne zinaelea kumzunguka, katikati pako wazi, anasimama pale yeye. Taswira ya mama inatokea ukutani ikiimba wimbo wa kulalia, Elsa anaupokea na kuumalizia, nywele zinafunguka na nguo inageuka nyeupe. Baada ya hapo mtu huyu hawezi kurudi kugonga mihuri kwenye barua za bandari. Wimbo ndio ulioamua mwisho. Na si mara ya kwanza: 2013 Elsa alipangwa kuwa adui, watunzi Kristen Anderson-Lopez na Robert Lopez wakaleta Let It Go, ikabidi hadithi imfuate mwanamke aliye ndani ya wimbo. Ukiniuliza mimi, Elsa ni mhusika wa nyimbo kwanza, wa muswada baadaye. Ndiyo maana mwisho wake unakubalika moyoni na kukwama kichwani.

Mleta Mada

Sawa, kwa Elsa mmejitetea. Anna je? Mnitajie tukio moja kabla ya dakika za mwisho linaloonyesha Anna ana hamu ya kutawala, au hata anaelewa kutawala ni nini. Kutawazwa kwenyewe hakuonyeshwi. Tunakata kutoka msituni, tunasikia Malkia Anna akitangazwa, anatoka na taji kichwani. Elsa 2013 alipewa tukio zima la kanisani, mikono inatetemeka, glavu zinavuliwa, rungu la kifalme linaanza kuganda. Anna kapewa tangazo.

Fundi Muswada

Hamu ya kutawala hana, na ni vizuri hana. Ila mkuu unataka tukio la kutawala na lipo: bwawa.

Twende hatua kwa hatua. Anna yuko pangoni. Sanamu ya barafu iliyotumwa na Elsa inamwonyesha Runeard akiinua upanga nyuma ya mtu aliyepiga magoti. Anaelewa. Olaf anaanza kupeperuka mikononi mwake chembe kwa chembe, na hiyo maana yake Elsa naye kaenda. Anaimba The Next Right Thing akianzia sakafuni, sauti haina nguvu, hakuna wa kumkimbilia. Halafu anafanya hesabu: bwawa likivunjika, maji yatashuka hadi Arendelle. Raia wameshahamishiwa juu kwenye majabali, hivyo watu watapona ila mji utakwenda. Anaamsha majitu ya mawe, anayavuta yamfuate hadi bwawani. Luteni Mattias, aliyeapa kuilinda Arendelle, anamzuia. Anna anamjibu kwamba Arendelle haina mustakabali hadi dhuluma hii irekebishwe. Mattias anageuka na kumsaidia.

Huo ni uamuzi wa kiongozi: kavuta taarifa, kapima gharama, kamshawishi mkuu wa jeshi, katekeleza. Elsa katika filamu mbili hajawahi kufanya uamuzi wa namna hiyo kwa ajili ya mji. Na huyu ndiye Anna aliyechumbiwa na Hans, mwanamfalme wa filamu ya kwanza, siku ileile waliyokutana, anayefanya kila kitu kwa kumfuata dada yake. Hapa dada hayupo. Taji ni karatasi tu baada ya hapo.

Bi Mkubwa wa Katuni

Na kisha filamu inamfutia bili. Elsa anakuja mbio juu ya Nokk, yule farasi wa maji, anaunyanyua ukuta wa barafu mbele ya wimbi, mji hauguswi hata kigae. Akifika anamwambia Anna kwamba roho zote zimekubaliana Arendelle inastahili kusimama, ikiwa na yeye. Yaani uamuzi mzito kuliko yote katika filamu mbili umegeuzwa mtihani, kafaulu, karudishiwa ada.

Msomaji Ramani

Bi Mkubwa umegusa penyewe, na hapo si suala la Anna peke yake.

Wanorthuldra wamechorwa kwa kufuata Wasami, watu wa asili wa kaskazini ya Norwei, Sweden, Finland na rasi ya Kola huko Urusi. Studio ilisaini makubaliano na mabunge ya Wasami ya nchi hizo tatu za kwanza pamoja na Baraza la Wasami, kikaundwa kikundi cha washauri kilichoitwa Verddet, na filamu ikatolewa pia kwa Kisami cha Kaskazini. Kwa hiyo bwawa lile halikutoka hewani. Norwei ina kisa cha mto Alta: kati ya 1979 na 1981 Wasami na watu wa mazingira waliandamana kupinga bwawa la umeme, wengine wakagoma kula mbele ya bunge mjini Oslo. Bwawa lilijengwa hata hivyo, likakamilika 1987. Kilichopatikana ni kwamba mwaka 1989 Bunge la Wasami la Norwei lilifunguliwa.

Weka kisa hicho kando ya filamu. Kule bwawa lilibaki na watu wakapata chombo cha kujisemea. Kwenye filamu bwawa linaondoka, lakini Wanorthuldra wenyewe, yaani kiongozi wao Yelena na vijana Honeymaren na Ryder, hawaamui chochote. Mwizi wa haki alikuwa babu, mrekebishaji ni mjukuu, mlinzi wa msitu ni mjukuu mwingine. Ni kweli Iduna alikuwa Mnorthuldra, kwa hiyo damu ya msitu wanayo. Lakini swali la uaminifu kwa wahusika tunaliuliza kwa akina dada wawili tu. Yelena, aliyewaongoza watu wake ukunguni, mwisho wake ni upi? Anasimama pembeni akitabasamu.

Mchoraji wa Usiku

Kweli kabisa, na Kristoff, mpenzi wa Anna, pia, ingawa kwake ni jambo dogo. Katikati ya filamu anapotea kwa sababu hakuna kazi ya kumpa, anaimba wimbo wa majonzi kwa mtindo wa miaka ya 80, anarudi kwenye bwawa. Ila sentensi yake pale ni ya mtu anayemjua Anna: hamwokoi, anamuuliza anahitaji nini. Afadhali hapo.

Fundi Muswada

Mimi natetea uamuzi, njia ya kuufikia siitetei. Elsa kubaki msituni na Anna kutawala ni sahihi. Filamu yenyewe inatoa hoja: Elsa anaitwa daraja kati ya watu na roho za asili, naye anamjibu Anna kwamba daraja lina pande mbili, na mama yao alikuwa na mabinti wawili. Kilichoharibika kinatengenezeka kwa dakika tatu au nne.

Kwanza, mwanzoni kabisa, kabla ya mchezo wa kuigiza bila kusema pale ngome, weka sekunde 40 za baraza. Raia ana shauri, Elsa anasikia sauti na kupotea, Anna anamalizia shauri hilo bila hata kugundua kwamba ametawala. Pili, kata moja kati ya vichekesho vya Olaf msituni, muda umepatikana. Tatu, wimbi lifike. Watu wako majabalini, hafi mtu. Liondoke na sehemu ya ngome. Nne, Elsa arudi na kuzungumza mbele ya raia aliowaahidi bendera, si kwa Anna peke yake ufukweni.

Bi Mkubwa wa Katuni

La kwanza na la nne nayapokea. La tatu lina tatizo. Kulizuia wimbi ndilo tendo pekee la mwisho analowafanyia Arendelle kama malkia wao. Ukiliondoa, Elsa anaamsha roho, anasababisha mji uhamwe, hauokoi, halafu anahama. Hoja ya mleta mada inakuwa nzito mara mbili.

Fundi Muswada

Basi achelewe kidogo. Wimbi livunje lile daraja la mawe linalounganisha ngome na mji, ndipo ukuta wa barafu usimame nyuma yake. Mji unapona, gharama inaonekana, na anayekuja kulijenga upya ni Anna pamoja na Wanorthuldra. Yelena anapata kazi.

Mleta Mada

Anayelijenga Anna, na Elsa yuko wapi? Msituni. Mnarudi palepale nilipoanzia. Sentensi ya daraja lenye pande mbili itasemwa daraja likiwa limeanguka, na anayeisema ndiye anayeondoka.