Mpango wa miaka 3 wa huduma ya afya ya akili, Wete, Pemba: tuanzie wapi?

Muuliza: Assalaam alaykum. Kikundi chetu kinawatembelea wagonjwa wa akili majumbani katika shehia 6. Wenzangu wanataka tuanze na dira. Ni sawa?

Jibu 1: Waalaykumu salaam. Dira iacheni mwisho, anzeni na daftari: wagonjwa wangapi, wanatumia dawa gani, nani hajaonekana miezi 3. Kisha pigeni hesabu ya dawa. Wagonjwa 40 wa sindano ya flufenazini (dawa ya maradhi ya akili inayokaa mwilini wiki kadhaa), ampuli (kichupa cha dawa) 1 kila mwezi, ni 480 kwa mwaka. Ongezeni 120 za akiba. Mipango mingi hufia hapa: semina zina bajeti, sindano hazina. Mgonjwa akizikosa, maradhi hurudi na familia inakata tamaa.

Jibu 2: Kweli kabisa. Na nauli ya mhudumu msisahau! Maombi kwa wilaya yapelekeni mapema, mwaka wa fedha unaanza Julai 1.

Jibu 3: Waiteni masheha na waganga wa kienyeji tangu mwanzo, maana familia nyingi huanzia kwao. Kubalianeni dalili za kumleta mtu siku ileile: hataki kula, hapati usingizi, anazungumzia kujiua. Bila ya makubaliano hayo, mgonjwa atafika kwenu kafungwa kamba.

Muuliza: Ahsanteni sana. Kesho tunafungua daftari.