Mchumba wangu Mwigbo anataka mila jikoni na Uzungu kwenye bili. Nishaurini

Binti_wa_Pangani:
Habari zenu wakuu. Nina miaka 31, ni muuguzi hapa Leeds. Nimechumbiwa na Mwigbo wa Anambra, Nigeria, mtu mpole, ananipenda na ninampenda. Kodi ya nyumba, umeme, mafuta ya gari, vyote tunalipa nusu kwa nusu, kwa sababu anasema hapa ni Uingereza, mke na mume ni sawa. Sina neno. Lakini nikitoka zamu ya usiku nakuta sufuria ya jana kwenye sinki, mawese yameganda pembeni, na jibu lake ni kwamba kwao mwanaume haingii jikoni.

Mwezi uliopita walikuja baba zake wadogo. Kola, zile kokwa chungu ambazo kwao hukaribishia wageni, ikaletwa kwenye sahani, nami kama mwenye nyumba nikanyoosha mkono niwamegee wageni. Akanishika kiganja mbele ya watu: mwanamke hamegi kola. Nilitamani ardhi ipasuke. Sasa anasema tukioana mshahara wangu uingie kwenye akaunti yake, yeye ndiye kichwa cha nyumba. Hii ni mila kweli? Mlioolewa huko nisaidieni.

Shangazi_Kigamboni:
Mwanangu, mshahara wako usimpe mtu. Mengine yanazungumzika.

Mke_wa_Enugu:
Pole mdogo wangu. Nipo huku mwaka wa 14. La kola ni kweli, hata mama yake mzazi hamegi wanaume wakiwepo. Kosa lake ni kutokukwambia mapema.

Ila la mshahara hakulitoa kwao. Kwa Waigbo wa zamani kiazi kikuu kilikuwa zao la mwanaume, magimbi na muhogo vya mwanamke. Sehemu nyingi mawese yalikuwa ya mume, kokwa za mchikichi za mke. Alichouza sokoni kilikuwa chake, na soko lenyewe waliliendesha wanawake. Mume akimtesa mkewe, wanawake walikusanyika uani kwake, wakimwimbia nyimbo za kumuumbua na kugonga kuta kwa michi, hawaondoki mpaka aombe radhi. Huko ndiko "kumkalia mwanaume". Mwaka 1929 waliwafanyia hivyo machifu wa Mwingereza. Ilianzia Oloko, huku huku kwa Waigbo, mwanamke aitwaye Nwanyeruwa alipotakiwa kuhesabu watu na mifugo yake, wakajua kodi inakuja. Maelfu walitoka, na zaidi ya 50 waliuawa kwa risasi.

Sisemi ilikuwa pepo. Kuna koo ambazo binti hakurithi kwa baba yake hata kidogo, mpaka Mahakama ya Juu ya Nigeria ikasema mwaka 2014 kwamba hiyo ni kinyume cha katiba. Lakini wapo umuada, mabinti waliozaliwa kwenye ukoo, hata walioolewa mbali. Kwenye msiba au ugomvi wa nyumbani neno lao linaogopwa na kaka zao. Sisi wake wa ukoo wanatuhenyesha pia, sikufichi. Mchumba wako ana dada mkubwa? Mpigie.

Mzee_wa_Bremen:
Huo Uzungu anaoutaja nao ni wa juzi. Hapa Ujerumani Magharibi, hadi 1977 sheria ilimruhusu mke kufanya kazi ya kuajiriwa ikiwa tu haikwamishi kazi za nyumbani kwake. Ufaransa, hadi 1965 mke alihitaji idhini ya mume kufungua akaunti ya benki. Miaka hiyo mama wa Onitsha, mji wa soko wa Waigbo, alikuwa anauza vitenge kwa mtaji wake mwenyewe. Na majirani zangu wanaogawana bili wanagawana na vyombo. Ratiba ya zamu wameibandika kwenye friji, jina la mume lipo Jumatatu, Jumatano na Ijumaa.

Ntimama_Tarime:
Mleta uzi, kwetu Wakurya kuna nyumba ntobhu, mwanamke anaoa mwanamke ili apate watoto wa nyumba yake. Waigbo nao walikuwa na yao: mwanamke mwenye uwezo alitoa mahari, akaitwa mume, watoto wakawa wake. Kwa hiyo "mume" kwao kilikuwa cheo cha anayebeba mzigo wa nyumba. Muulize, mzigo upi anaubeba peke yake?

Binti_wa_Pangani:
Asanteni sana wote, nimelia nikisoma. Jana nilimpigia dada yake mkubwa, yuko Awka. Alinisikiliza, akauliza jambo moja tu: kodi ya nyumba analipa nani? Nikamwambia nusu kwa nusu. Akanyamaza, kisha akasema nimpe mdogo wake simu. Waliongea Kiigbo karibu saa nzima, yeye mwenzangu akiitikia tu, amesimama. Leo asubuhi nimerudi kutoka kazini, sufuria imeoshwa. La mshahara hatujaligusa. Tumekubaliana kukaa Jumamosi, na dada atakuwa kwenye simu.