Ushauri: Bibi anakuja kutoka Pemba, nimpeleke akalale "kisiwani" Disney?

UmmuNasra_Ohio

Assalam alaykum na habari za mchana wanajamvi. Naomba mnisaidie kabla sijatoa kadi ya benki.

Tuko Columbus, Ohio. Mama mkwe wangu anakuja mwezi wa sita kutoka Pemba, mara yake ya kwanza Marekani, na atakaa nasi mpaka mwisho wa Septemba. Mume wangu ameshikilia kwamba lazima tumpeleke Orlando, tena si hoteli yoyote tu. Anataka Polynesian Village pale Disney, ile yenye minazi, mchanga mweupe na vibanda juu ya maji. Aliwahi kuipitia enzi za uanafunzi, akala kiapo kwamba siku akipata kazi ya maana atamlaza mamake pale.

Mtihani wa kwanza ni pesa. Tumetenga dola 6,500 kwa kila kitu, na tutaendesha gari wenyewe. Tuko sita: sisi wawili, bibi ana miaka 67 na goti moja linamsumbua, mkubwa ana 11, wa kati 7, mdogo anatimiza 3 tarehe 20 Septemba. Usiku mmoja wa Polynesian kwa tarehe nilizojaribu umepita dola 700 kabla ya kodi.

Mtihani wa pili ni bibi mwenyewe. Nilimuonesha picha kwa video juzi, nikamuelekezea simu kwenye kompyuta. Akavaa miwani, akasogea mpaka nikawa naona paji la uso tu, akakaa kimya. Kisha akasema: "Mbona kama Vumawimbi, ila imefagiliwa?" Vumawimbi ni ufuo wa kwao Pemba. Akauliza bei. Nikamdanganya.

Mume wangu hasikii. Nimeona pia Caribbean Beach, hapohapo Disney, ina unafuu, na Royal Pacific ya upande wa Universal, wale washindani wa Disney hapo Orlando. Aliyewahi kulala mojawapo aniambie ukweli. Tunafikiria Agosti.

KijanaWaLikoni

Dada, dola 6,500 kwenda kuangalia mnazi? Si mkuje tu Diani, mnazi uko hapa bure na madafu juu.

UmmuNasra_Ohio

Kaka, mwenyewe ndiyo kwanza anatoka kwenye minazi. Nimrudishe tena kwa ndege, watu watano nyuma yake? Tiketi peke yake zinamaliza hiyo hela.

MzeeWaKissimmee

Wa alaykum salaam, binti. Mimi niko huku Florida mwaka wa 19 sasa, na kwa miaka kadhaa kazi yangu ilikuwa kushusha na kupakia wageni wa hizo hoteli. Ngoja nikuoneshe zilivyo kwa macho ya mtu wa mlangoni.

Polynesian ni ya zamani kuliko wewe, nadhani. Ilifunguliwa tarehe 1 Oktoba 1971, siku moja na Magic Kingdom, bustani ya burudani ya Disney. Nyumba za wageni zimepewa majina ya visiwa vya Pasifiki: Fiji, Tonga, Samoa, Niue na kadhalika. Bei unayolipa si ya mnazi, ni ya mahali ilipo. Monoreli inasimama juu ya ukumbi wa mapokezi, dakika chache uko Magic Kingdom. Ukitaka EPCOT, bustani nyingine ya Disney, unatembea kidogo hadi kituo kikuu na kupanda monoreli nyingine. Kwa mwenye goti bovu na kitoto cha kulala mchana, hilo si jambo dogo. Saa 7 jua linachoma, mnarudi, mnalala, jioni mnakwenda tena. Aliye mbali hawezi.

Usiku ndiyo utamu wake. Watu wanakaa mchangani, fataki za Magic Kingdom zinapasuka ng'ambo ya maji, na muziki wake unaletwa hadi pale kwa spika.

Sasa mambo ambayo hawayaweki kwenye picha. Ziwa lile, Seven Seas Lagoon, limechimbwa na watu. Udongo wake ndio uliotumika kuinua ardhi ya Magic Kingdom. Na hamuogi humo. Florida ni nchi ya mamba, na baada ya msiba wa mtoto mwaka 2016 ufuo wote umewekewa uzio na mabango. Mchanga upo, maji mnayaona, mnaoga kwenye bwawa la hoteli lenye volkano ya saruji.

Kuhusu idadi yenu: chumba cha kawaida pale kinachukua watano, na aliye chini ya miaka 3 anaongezwa kwa kijitanda chake. Kwa hiyo mnaenea, kwa kubanana. Huyo wa Septemba nendeni naye kabla hajatimiza 3, maana chini ya hapo haingii kwa tiketi. Akitimiza tu, analipa. Na huyo wa 11 wanamhesabu mtu mzima, kwao utoto unaishia 9.

DadaTunu_Mpls

Mzee kaeleza vizuri ila mimi niko timu Universal. Tulilala Royal Pacific mwaka juzi, usiku mmoja TU, na nitakwambia kwa nini mmoja. Kila aliyelala pale anapewa Express Unlimited, ile ya kuruka foleni, kwa bustani za Universal Studios na Islands of Adventure, kuanzia siku ya kuingia hadi siku ya kutoka. Yaani usiku mmoja unakupa siku mbili. Tulifika saa 2 asubuhi, tukajiandikisha, mizigo tukawaachia, chumba kikiwa bado hakijawa tayari sisi tuko ndani tunapita foleni za dakika 80 za watu wengine. Tiketi za kuingilia unanunua mwenyewe lakini. Express haimo kwenye Epic Universe ile mpya wala kwenye bustani ya maji ya Volcano Bay, msije mkalia.

Hoteli yenyewe nzuri, bwawa kubwa lina mchanga pembeni, mnakwenda kwa boti au kwa miguu. Sapphire Falls ni jirani na nayo ina sura ya visiwa, Karibiani, rahisi zaidi, ila HAINA hiyo Express. Wengi wanachanganya.

Ila kwenu naona vikwazo vitatu. Chumba cha kawaida ni cha wanne, wa tano anakodiwa kitanda. Gari linalipiwa maegesho kila usiku, wakati Disney wageni wa hotelini hawalipi. Na wa miaka 7 mpime kabla: ule mchezo wa pikipiki ya Hagrid, wa Harry Potter, unataka kimo cha inchi 48. Mwanangu alikosa kwa kidole kimoja, akalia kuanzia pale getini mpaka Georgia.

UmmuNasra_Ohio

😂 Wa kwangu nimempima sasa hivi mlangoni, 47. Basi Universal tumeiahirisha.

ShangaziWaTabora

Msikose ule usiku wa ngoma za Kipolinesia pale pale hotelini, mchezaji wa moto, chakula mpaka mseme basi! Bibi atafurahi mno.

MzeeWaKissimmee

Shangazi, ile ngoma ilisimama 2020 na haikurudi. Siku hizi ukitaka kula kisiwani unabuki 'Ohana, mkahawa wa hapo hotelini, wanaleta mishikaki na tambi mezani hadi mchoke. Kubuki meza kunafunguliwa siku 60 kabla, na mnaamka mapema. Wakati wa kubuki andikeni halali, na mkifika mwombeni mpishi aje mezani mzungumze naye. Kwa kawaida anakuja. Asubuhi kuweni macho zaidi, soseji ni nguruwe.

MamaFuraha_Dallas

Mie niongeze neno moja kwa uchungu. Mtaambiwa kuna njia ya kulala Polynesian kwa nusu bei: kukodi pointi za wanachama wa DVC, ile klabu ya nyumba za likizo za Disney. Njia yenyewe ni ya kweli, watu wanafanya kila siku, na sehemu ya Polynesian ni ya klabu hiyo. Mimi lakini nilimlipa mtu niliyempata kwenye kundi la WhatsApp, akanitumia karatasi yenye nembo na namba. Wiki mbili kabla ya safari napiga simu hotelini, hiyo namba haipo kabisa. Zilikwenda dola 1,900, na mtoto alishawaambia darasa zima.

Mkikodi, pitieni kampuni yenye mkataba, na namba mkiipata ingizeni papo hapo kwenye programu ya Disney kwa jina lenu. Isipotokea, msilipe salio. Jambo la pili: pointi za kukodi kwa kawaida hazirudishiwi pesa, na Agosti ni msimu wa vimbunga, unaanza tarehe 1 Juni hadi 30 Novemba. Mkibuki hotelini moja kwa moja mnaweza kufuta mapema na hela ikarudi. Mimi kwa moyo wangu wa sasa ningelala nikijua naweza kufuta.

FundiBomba_Houston

Caribbean Beach tumelala mara mbili. Ya 1988, kubwa kama kata nzima, imezunguka ziwa. Vijiji vyake vinaitwa Martinique, Barbados, Jamaica, Aruba na Trinidad. Ukubwa huo ndio ubaya wake: ukipewa Trinidad, kuifuata kahawa na kikombe chako ni safari. Kwa goti la bibi, ombeni JAMAICA. Kipo karibu na kituo cha Skyliner, vile vikapu vinavyopita angani kwa kamba, vinakupeleka EPCOT na Hollywood Studios bila basi. Magic Kingdom na Animal Kingdom ni basi, na basi linazunguka vituo vya humo humo ndani kwanza, mtaonana na kila mnazi.

Vikapu havina kiyoyozi, upepo unaingia kwa madirisha, vikiwa vinatembea mnapoa. Radi ikikaribia wanavisimamisha. Agosti radi ni kila alasiri, kwa hiyo msipange kurudi saa 10 kwa kikapu.

Kuna vyumba vya watu watano, wa tano analala kitanda kinachokunjuliwa chini ya televisheni. Kitanda chenyewe ni kifupi, mimi miguu ilining'inia kama popo. Wa miaka 7 atakipenda. Hakikisheni chumba mnachobuki kina hicho kitanda, maana vingine ni vya wanne.

Na kodi ya kule ni asilimia 12.5 juu ya bei, iwekeni kwenye hesabu. Nafuu yake Disney hawana ile ada ya juu ya kila usiku ambayo hoteli nyingi za Orlando huificha mpaka ukurasa wa mwisho.

BintiMwembetanga

Jamani mimi nina wazo jingine kabisa. Kwa nini mumpeleke mtu wa kisiwa kisiwani? Mpelekeni Animal Kingdom Lodge, hoteli ya Disney yenye sura ya Afrika, akasome Kiswahili ukutani! Sitanii. Jengo moja linaitwa Jambo House, jingine Kidani Village, mabwawa ni Uzima na Samawati, mikahawa ni Jiko, Boma na Sanaa. Mama yangu alisimama mbele ya kibao cha Jiko akauliza, "Sasa mezani wako wapi, mbona jikoni ndiyo wanakaa wageni?" Ndani ya Animal Kingdom yenyewe, ile bustani ya wanyama, kuna kijiji kizima kinaitwa Harambe, kuta zimechubuka kwa makusudi, ukikodoa macho unaona Lamu. Safari ya kuangalia wanyama inaitwa Kilimanjaro.

Si lazima mlale. Bukini chakula cha mchana Sanaa, agizeni ile sahani ya mikate na achari zake, na muombe meza ya dirishani. Twiga anapita mnakula. Wala tiketi ya bustani haihitajiki, ni hoteli tu.

UmmuNasra_Ohio

Nimecheka peke yangu kazini. Nimempigia bibi nikamsomea yote haya, pamoja na bei safari hii, nikatubu. Alichoshika ni kimoja. Akaniuliza mara mbili: "Bahari ya kuchimba, na haiogwi?" Nikamwambia ndiyo, kuna mamba. Akasema, "Sasa ule ufuo wa nini?" Mume wangu alikuwa anasikia, akanyamaza.

Sasa nisaidieni kwenye hili. Nawaza usiku nne Caribbean Beach, kijiji cha Jamaica, wiki ya pili ya Agosti. Bibi nimkatie siku moja tu ya Magic Kingdom, siku nyingine akae bwawani na mdogo. Je, tukilala kwingine tunaweza bado kwenda Polynesian kuangalia hizo fataki? Na vazi la kuogea la staha wanaruhusu?

MzeeWaKissimmee

Umepanga kama mtu mzima. Wiki hiyo ni nzuri, shule za Florida zinafungua karibu na tarehe 10 Agosti na watu wanapungua. Siku ya Magic Kingdom, jioni pandeni monoreli ya hoteli mshuke Polynesian, nunueni aiskrimu ya nanasi pale Pineapple Lanai, mkae. Msiende na gari, getini watawauliza mmebuki nini. Huyo bwana wako atakuwa amemketisha mamake pale pale alipokusudia, kwa bei ya aiskrimu sita.

Tiketi, kadiri siku zinavyozidi ndivyo bei ya siku inavyoshuka, kwa hiyo nyinyi wengine msinunue siku mojamoja. Pia tazameni kama tarehe zenu bado zina ile ofa ya bustani ya maji bure siku ya kuingia hotelini. Typhoon Lagoon ikiwa wazi, ina bwawa la mawimbi na mchanga, na huko mnaoga kwelikweli.

DadaTunu_Mpls

Vazi la staha halina neno, mimi naogelea nalo kila mara. Kwenye mabomba ya kuteleza ndipo wanakataa zipu za chuma na vifungo, chagua lisilo na chuma. Na kiti cha magurudumu cha kusukuma mnakodi getini mwa bustani, fikeni mapema havijaisha. Bibi akikataa mwambieni ni cha kubebea mikoba, atakaa mwenyewe ifikapo saa 6.

UmmuNasra_Ohio

Nimebuki! Jamaica, chumba cha watano na kijitanda, cha kufutika. Kubuki meza ya Sanaa kutafunguliwa mwezi wa sita, nimeweka kengele kwenye simu. Baba Nasra amekubali kwa sharti la aiskrimu mchangani. Mungu awalipe nyote.

FundiBomba_Houston

Hongera. Na vile vikapu vya angani bibi ameridhia?

UmmuNasra_Ohio

Anasema amevuka kwenda Unguja na mashua kusi likivuma, hicho kikapu atapanda. Ila atafumba macho, na atakayemshika mkono ni mimi, si mwanawe, kwa sababu mwanawe ndiye mwenye hofu.